Saadani au Watamu: ulinganisho wa safari ya wanyama, bahari na historia

Katika pwani yetu kuna hifadhi mbili za taifa ambako mtu anaweza kuona wanyamapori, kukanyaga mchanga wa bahari na kuijua historia ya Waswahili kwa safari moja. Ya kwanza ni Saadani, Tanzania, kati ya Bagamoyo na Pangani. Ya pili ni Watamu, Kenya, kusini kidogo ya Malindi. Watamu yenyewe ni hifadhi ya bahari, lakini watu hawaendi kule wakaishia majini, kwa sababu mji wa kale wa Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) viko hapo hapo nyuma yake, mwendo wa tuktuk tu. Kwa hiyo nikisema Watamu katika makala hii, nina maana ya vyote hivyo kwa pamoja.

Wengi huanza kwa kuuliza wapi kuna wanyama wengi zaidi. Jibu ni Saadani, ila jibu hilo halimsaidii mtu kuamua. Saadani wanyama ni wakubwa, na historia imebaki vinywani mwa watu zaidi kuliko kwenye kuta. Watamu historia imesimama kwa mawe hadi leo, na wanyama ni wadogo: wengine wako chini ya maji, wengine hutoka usiku, wengine hupita njiani na kutoweka kabla hujamwonyesha mwenzio. Ukishajua unayesafiri naye anavutwa na lipi kati ya hayo, nusu ya uamuzi imekwisha. Nusu ya pili ni msimu na usafiri, na hapo ndipo safari nyingi huharibika.

Wanyama wa Saadani

Saadani ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,100. Sehemu ya kaskazini ilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyofungwa mwaka 2000 baada ya miaka mingi ya kupambana na mbung'o. Nalitaja hili kwa sababu linakuhusu: ng'ombe wameondoka, mbung'o wamebaki. Usivae bluu iliyoiva wala nyeusi, maana rangi hizo huwavuta, na wakiuma, nguo nyepesi haisaidii kitu.

Usitarajie Serengeti. Hapa wanyama hawakusanyiki kwa maelfu, na nyasi zikiwa ndefu unaweza kuendesha muda mrefu bila kuona kitu. Lakini twiga utawaona, karibu kwa uhakika. Kuro pia, na ngiri, tohe, nyani na kongoni. Nyati wapo. Tembo wapo lakini wana woga wa watu. Simba ni bahati, na anayekuahidi simba Saadani anakuuzia maneno. Palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, huonekana mara chache sana, na akitokea simamisha gari uzime injini.

Kuhusu picha zile za tembo akitembea ufukweni: hutokea, lakini hazitokei kwa ratiba. Ukienda kwa ajili ya hiyo pekee utarudi umenuna. Kinachoifanya Saadani iwe ya pekee ni kwamba pori lenyewe linaishia baharini. Asubuhi unaangalia twiga, mchana unakula samaki ufukweni, na hujatoka ndani ya hifadhi moja.

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu Saadani, panda boti mto Wami. Boti huanza karibu na mdomo wa mto, kwenye mikoko, ambako maji bado yana chumvi. Kadiri mnavyopanda juu, mikoko inapungua na miti ya maji baridi inashika nafasi. Kisha nahodha hupunguza mwendo mbele ya viboko. Wanakuwa kundi zima majini, masikio na macho tu juu, na mmoja anapotoa pumzi sauti yake inafika hadi kwenye mbao za boti. Mamba hulala ukingoni kwenye tope, na wenye rangi ya tope lenyewe huonekana pale wanapoingia majini tu. Juu kuna furukombe na mdiria, na mbega huonekana kwenye miti mirefu. Watoto wanaochoka ndani ya gari hawachoki hapa. Omba boti ya asubuhi mapema au ya saa kumi jioni, si ya saa sita.

Karibu na kijiji kuna mashamba ya chumvi, na kwenye mabwawa yake heroe husimama kwa makundi, wengine weupe, wengine waridi. Kaskazini zaidi, ufukwe wa Madete ni mahali ambapo kasa hutaga mayai. Waulize askari wa hifadhi kabla ya kwenda, kwani wao ndio wanaojua kiota kipi kimekaribia kuanguliwa. Taa ya simu huwapoteza vitoto vya kasa njia ya kuelekea baharini, kwa hiyo izime ukiambiwa, hata kama hujapata picha.

Wanyama wa Watamu

Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Ya Watamu ni ndogo, kilomita za mraba 10 hivi, lakini ndani yake kuna bustani za matumbawe ambazo mtu asiyejua kupiga mbizi anaweza kuziona kwa miwani na mrija, au kwa boti yenye kioo chini. Samaki wa rangi zote wanakuzunguka kiasi cha kutaka kuwagusa. Usiwaguse, na usiwape mkate, hata nahodha akiwa nao mkononi. Usisimame juu ya matumbawe pia. Ni viumbe hai, hukua polepole, na wayo mmoja huvunja kilichojengeka kwa miaka.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wa bara hawaambiwi: saa ya kwenda si ya kuchagua wewe, ni ya maji. Matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu yakijaa uko mbali nayo. Mida nayo vivyo hivyo. Maji yakikupwa matope yanabaki wazi na ndege hushuka kutafuta kaa na minyoo, wakiwemo maelfu wanaohama kutoka Ulaya na Asia na kukaa kwetu kuanzia Septemba hadi karibu Aprili. Maji yakijaa, Mida ni ya mtumbwi kati ya mikoko. Kuna daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko, na kiingilio chake huenda kwenye ada za shule za watoto wa vijiji vinavyozunguka hori na msitu. Ningelipa hata kama daraja lisingekuwapo.

Arabuko-Sokoke ni habari nyingine. Una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani uliobaki Afrika Mashariki ukiwa kipande kimoja. Ukipita barabara kuu ya Mombasa–Malindi bila kusimama utaona ni vichaka tu. Ukiingia na mwongozaji anayejua, utaonyeshwa bundi mdogo wa Sokoke, wa kimo cha kama kiganja, amejibanza kwenye tawi chini ya kivuli akiwa na mwenzake, na utashangaa umemkosaje wakati yuko mbele ya uso wako. Utasikia majani makavu yakichakarika, kisha sange mwenye kiuno cha dhahabu atapita mbio, pua ndefu mbele, matako ya manjano nyuma. Mnyama huyu nyumba yake kubwa duniani ni msitu huu. Tembo wapo pia, lakini msitu umezungushiwa uzio na ni nadra mgeni kuwaona.

Kwa maneno mengine, Arabuko inamtaka mtu mtulivu, aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na yuko radhi kutembea bila kupiga kelele. Mtoto wa miaka sita atachoka baada ya nusu saa. Mpenzi wa ndege hatataka kutoka.

Historia: hapa ndipo tofauti ni kubwa

Gede iko ndani ya miti. Ukishapita lango na makumbusho madogo, njia inakuingiza kwenye kivuli, na kuta zinaanza kutokea moja moja kati ya mizizi. Ulikuwa mji wa Waswahili kuanzia karne ya 12 hivi hadi ya 17, ukiwa na kuta mbili, wa ndani na wa nje, msikiti mkuu, jumba la mtawala, na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba kuanzia 1948 hadi 1958, na Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Tuzo hiyo ilichelewa, kwa maoni yangu.

Usitembee Gede kwa haraka. Anza na kaburi lenye tarehe. Limechorwa kwenye lipu mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na ndilo linalowasaidia wataalamu kuupanga umri wa mji. Kisha nenda msikitini, uangalie kisima na mahali pa kutawadhia, na juu ya mlango mmoja utafute umbo la ncha ya mkuki lililochongwa. Watu wa Gede walikuwa Waislamu, na mkuki huo ni alama ya utawala ya pwani na bara yetu. Ukisimama chini yake huwezi tena kumkubalia mtu anayekwambia miji hii ilijengwa na wageni.

Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, na nyinginezo. Zilipatikana kaure za China za enzi ya Ming, shanga za Venice, na vyombo vya kutoka nchi za Kiislamu. Lakini kinachonigusa zaidi ni vyoo. Ndani ya nyumba kuna choo cha shimo, na pembeni mahali pa kunawia, vimepangwa kwa adabu ile ile tunayoijua nyumbani. Mwonyeshe mtoto choo cha mwaka 1400 na hataisahau Gede.

Na kuna fumbo. Wareno walikaa Malindi kwa karibu miaka 80 ya karne ya 16, kilomita 15 hivi kutoka hapo, na maandishi yao hayaitaji Gede. Kwa nini mji ulihamwa nako hakuna jibu moja: maji ya visima yaliyokuwa yakishuka, vita na mashambulizi, biashara kuhama. Mwongozaji mzuri atakupa sababu zote na kukuonyesha kisima kilichochimbwa tena kwa kina zaidi. Kima wa Gede wamezoea watu mno, kwa hiyo ndizi ibaki ndani ya mfuko.

Pale pale kwenye lango la Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaoishi kando ya Arabuko hufuga viwavi kwa majani ya msitu na kuuza pupa, ambazo hufungwa kwenye visanduku na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Pupa akichelewa kusafiri hutoka kipepeo njiani, kwa hiyo kila kitu hufanyika kwa haraka. Mkulima anayelipwa kwa vipepeo ana sababu ya kutokata mti. Nimeona miradi mingi ya uhifadhi iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi. Huu unaeleweka hata kwa bibi yangu.

Sasa Saadani. Hapa usitafute mji wa mawe. Kuna mabaki ya ngome ya Kijerumani na makaburi, na kuna kijiji cha wavuvi ambacho bado kinaishi. Ukiangalia kwa macho tu utasema hakuna historia, na utakuwa umekosea sana. Saadani ilikuwa bandari ya misafara ikitazamana na Unguja, na pembe za ndovu na watumwa walipitishwa hapa kwenda visiwani. Wamisionari wa Kiingereza wa miaka ya 1870 walianzia hapa safari zao za bara, wakaiacha Bagamoyo. Mtawala wake alikuwa Bwana Heri bin Juma. Wajerumani walipokuja kuchukua pwani mwaka 1888, alikataa. Abushiri bin Salim alipigana upande wa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani. Juni 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliupiga mji kwa mizinga kutoka baharini na kuuteka. Bwana Heri hakusalimu amri. Alirudi nyuma, akajenga maboma porini na kuendelea kupigana hadi Aprili 1890, wakati Abushiri alikuwa ameshanyongwa Pangani, Desemba 1889.

Pori unalopita ukitafuta twiga ndilo pori la vita vile. Hakuna kibao kitakachokwambia. Inabidi uandamane na mtu wa kijijini, na utaratibu mzuri ni kupitia ofisi ya kijiji, useme unataka mzee wa kukusimulia, ukae chini, na umpe haki yake mwishoni. Usimshikie kamera usoni kabla hamjasalimiana. Kumbuka pia kwamba kwa watu hawa hifadhi si mandhari tu: kitongoji cha Uvinje, kwa mfano, kimevutana kwa miaka mingi na hifadhi kuhusu mpaka wa ardhi. Ukisikia habari hizo, sikiliza. Nazo ni sehemu ya urithi wa mahali.

Kwa anayetaka kuta, Saadani inahitaji kuongezewa Bagamoyo au Pangani. Mimi ningeongeza Bagamoyo, kwa sababu ya magofu ya Kaole. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, kwa hiyo unapata, kwa kiwango kidogo, kile ambacho Gede inakupa kwa wingi. Mjini kuna misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, ambako Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari na msafiri Livingstone, na wenzao waliufikisha mwili wake Februari 1874, na kuna Boma la Wajerumani. Pangani ina mto, nyumba za zamani na kumbukumbu ya Abushiri, na inamfaa zaidi anayetokea Tanga.

Msimu

Saadani ina adui mmoja, masika. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mweusi wa mfinyanzi unashika tairi kama gundi, na gari lenye nguvu zote linaweza kulala hapo. Nenda Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, nyasi zikiwa fupi na maji machache porini, wanyama wakisogea penye maji yaliyobaki. Vuli ya Novemba haina ubaya wa masika, lakini uliza hali ya njia.

Watamu inafuata upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari imetulia na maji ni maangavu. Huo ndio wakati wa matumbawe. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishaanza, bahari inachafuka na mwani hujaa ufukweni, na unaweza kulipia boti ukaona maji ya maziwa. Kuna faida moja katika miezi ya kusi: kati ya Julai na Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hupita pwani hiyo, na manahodha wa Watamu hutoka kwenda kuwatafuta. Gede na msitu havitegemei upepo.

Hapo unaona jambo linalorahisisha uamuzi. Likizo yako ikiwa ya Juni hadi Agosti, Saadani inashinda waziwazi. Ikiwa ya Januari au Februari, zote ziko katika ubora wake. Ikiwa ya Aprili, sahau Saadani. Nenda Gede na mwavuli.

Kufika na kulala

Saadani bila gari ni shida. Usafiri wa umma ni wa kubahatisha, na hata ukifika kijijini bado unahitaji gari la kuingilia porini. Kutoka Dar es Salaam njia fupi ni ya Bagamoyo na Makurunge kuvuka Wami. Nyingine ni ya Chalinze hadi Mandera, kisha kilomita 60 hivi za kuingia ndani. Ni ndefu zaidi lakini wengi huiamini mvua zikinyesha. Barabara ya lami ya Bagamoyo–Pangani–Tanga imekuwa ikijengwa kwa vipande, kwa hiyo alichokwambia mtu wa mwaka juzi huenda si kweli leo. Piga simu hifadhini. Gari liwe limeinuka. Magurudumu manne ni bora. Jaza mafuta kabla, na uwe na pesa taslimu kwa matumizi ya kijijini. Malazi ni machache: nyumba na kambi za TANAPA (shirika la hifadhi za taifa la Tanzania), na hoteli za kibinafsi chache ambazo nyingi bei yake imepangwa kwa watalii wa nje. Kwa familia yetu ya kawaida, nyumba za TANAPA ndizo zenye maana, ila weka nafasi mapema. Chakula kizuri ni cha kijijini: kamba na samaki wa siku hiyo.

Watamu ni rahisi mno ukilinganisha. Matatu ya Mombasa–Malindi inakushusha Gede, tuktuk au bodaboda inakumalizia. Anayetoka Nairobi anaweza kuja kwa treni ya SGR hadi Mombasa, au ndege hadi Malindi. Malazi yapo ya kila mfuko, kuanzia chumba cha mtaani hadi hoteli ya ufukweni, na kwa sababu ya Waitaliano waliojaa Malindi na Watamu utapata piza nzuri jirani na wali wa nazi. Usumbufu mmoja ni vijana wa ufukweni wanaong'ang'ania kukuuzia safari. Wajibu kwa heshima, lakini boti ipange kupitia ofisi ya hifadhi au nyumba uliyofikia.

Gharama

Viwango vya viingilio hubadilika, kwa hiyo sitaki kukupa namba itakayokudanganya. Mpangilio wenyewe ni huu. Saadani unalipa kiingilio cha mtu kinachohesabiwa kwa saa 24, kiingilio cha gari, kisha mwongozaji na boti ya Wami. Watamu unalipa vipande vipande: hifadhi ya bahari kwa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), Gede kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, msitu mbali, Mida mbali, boti mbali. Kila kimoja ni kidogo, na unaweza kuacha usichotaka. Pande zote mbili malipo ya hifadhi ni ya kielektroniki, na wananchi hulipa kidogo sana kuliko wageni wa nje; kitambulisho kisisahaulike nyumbani.

Kinachokula pesa Saadani ni gari. Mkiwa wanne au watano mkachangia, Saadani si ghali. Mtu mmoja au wawili wasio na gari, Watamu ni nafuu kwa mbali.

Ningemwambia nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo ambao hawajawahi kumwona twiga nje ya kitabu: Saadani, bila kufikiri mara mbili, na walale angalau usiku mmoja ndani. Wanaokwenda asubuhi na kurudi Dar jioni wanaona barabara zaidi kuliko wanyama.

Wazee, au anayesafiri na mama mwenye magoti mabaya: Watamu. Gede ni tambarare na ina kivuli, boti ya kioo haihitaji kuogelea, na hospitali na maduka viko karibu.

Walimu wanaopeleka wanafunzi: hapa nitasema wazi, Gede. Hakuna mahali pengine pwani ambapo mwanafunzi anaona msikiti, jumba, nyumba, kisima na choo vya mji mmoja wa Waswahili kwa saa tatu. Kwa shule za Dar, Morogoro na Pwani ambazo haziwezi kuvuka mpaka, Kaole na Bagamoyo pamoja na boti ya Wami vinatosha kabisa, mradi mwalimu awe amesoma habari za Bwana Heri kabla ya kupanda basi.

Wapenzi wa ndege: Arabuko na Mida, halafu Saadani safari nyingine. Wapiga mbizi wanajua jibu tayari. Maji ya Saadani yana tope la Wami na si ya kuangalia samaki.

Wachumba na waliooana karibuni huniuliza pia. Wanaopenda ukimya waende Saadani. Wanaopenda kutoka jioni wakale na kutembea mjini waende Watamu.

Ukiweza zote mbili

Ukiwa na wiki nzima na gari, njia ya pwani inaunganika vizuri: Dar, Bagamoyo na Kaole, usiku mmoja au miwili Saadani, Pangani, Tanga, kisha mpaka wa Horohoro na Lungalunga hadi Mombasa na Watamu. Fanya hivyo Januari au Februari. Beba pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na karatasi za gari zikiwa kamili, pamoja na bima ya kuvukia mpaka, maana ndiyo inayowachelewesha wengi pale Horohoro. Lala Mombasa, usijikaze kufika Watamu usiku. Na kabla ya kuondoka Mombasa, mpigie nahodha umuulize maji yanakupwa saa ngapi kesho yake, kisha Gede na msitu uvipange kuizunguka saa hiyo.